Mama Hatapelekwa Ushago

Mama alifariki Jumanne asubuhi, na kufikia saa sita mchana watu waliokuwa hawajamwona kwa miaka kadhaa walikuwa wameshaamua atazikwa wapi.

Nilipata habari hiyo kwa simu, nikiwa bado kwenye benchi la hospitali, mfuko wa nguo zake mapajani. Aliyepiga ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, anayeishi kijijini kwao upande wa magharibi, safari ya kutwa nzima kutoka Nairobi. Alinipa pole. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu asomaye orodha, kwamba vijana wameanza kufyeka nyasi kando ya kaburi la baba, kwamba mazishi yatakuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, na kwamba kazi yetu sisi watoto ni kutafuta gari la kubeba maiti.

"Baba," nikamwambia, "mama hatapelekwa ushago."

Akasema hayo si mambo ya kuzungumza na mtoto wa kike kwenye simu, akaniaga kwa heshima, akakata.

Ushago ndivyo sisi watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, tunavyoita mashambani, kule ambako kila Mkenya hudhaniwa ana kwao halisi hata kama hajawahi kulala huko siku tatu mfululizo. Mjini, wanasema, ni pa kutafuta tu. Mtu hutafuta miaka hamsini, kisha hurudishwa kwao ndani ya sanduku, na huko ndiko anakohesabiwa kuwa mtu. Mimi nimefundisha Kiswahili shule ya sekondari kwa miaka mingi, na sijapata bado neno la kumwita mtu aliyezaliwa Nairobi, akakulia Nairobi, akazeekea Nairobi, ambalo halimfanyi aonekane amepotea njia.

Nilizaliwa mtaa wa Jericho, katika zile nyumba za zamani za kanjo, yaani halmashauri ya jiji, mlango ukitazamana na mlango, kamba za kuanikia nguo zikipita katikati. Baba alikuwa fundi wa mabomba wa kanjo. Mama alikuwa na kibanda cha kushonea nguo sokoni, hatua chache kutoka nyumbani. Kwa cherehani moja alishona sare za shule na majoho ya kwaya ya kanisa letu, na Ramadhani ikikaribia kuisha alishona kanzu hadi vidole vikavimba. Alijua kipimo cha kiuno cha nusu ya mtaa, na hakumwambia mtu kipimo cha mwenzake. Nadhani ndiyo sababu wanawake walimwamini kwa mambo mengine pia.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mwanamke tuliyemwita Khala. Ni neno la Waswahili wa pwani kwa dada ya mama. Hakuwa dada ya mama. Yeye ni Mwislamu, wazazi wake walitoka Mombasa, mumewe alikuwa karani wa reli. Tuliwasikia watoto wa dada zake wakimwita hivyo wakija kumtembelea, nasi tukalidaka neno lenyewe, na hakuna mtu mzima aliyetukataza.

Mdogo wangu wa kiume alipozaliwa, mama alivuja damu nyingi akabakizwa hospitalini majuma matatu. Baba alirudi nyumbani na mtoto mchanga amemfunga kwenye taulo. Nilikuwa na miaka sita. Mtoto alikuwa analia tangu mlangoni, na baba alisimama katikati ya sebule na ile mikono yake ya kufungua mabomba, hajui amshike vipi. Khala alikuwa na binti wa miezi minne. Alivuka uwazi kati ya milango yetu, akamchukua mtoto mikononi mwa baba bila kuuliza, akaketi kwenye kiti chetu, akageukia ukuta, akamnyonyesha. Kelele ikakoma. Baba alitoka nje akaketi kwenye ngazi, na nilipomfuata nikamkuta anafuta macho kwa kofia yake ya kazi.

Mama aliporudi hakuwa na maziwa. Khala akaendelea, huyu kulia na yule kushoto, mwaka mzima na zaidi.

Katika dini yake, jambo hilo si fadhila tu. Mtoto aliyenyonya kwako ni mtoto wako, na wanao ni ndugu zake, hawawezi kuoana. Khala alilishika hilo bila mzaha. Tukicheza harusi uani, na mdogo wangu akapewa yule binti awe bibi arusi wake, Khala alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuivunja ndoa. Sisi tulicheka tukakimbia. Yeye hakuwa anacheka.

Baba alipofariki, mimi nikiwa tayari mtu mzima, tulimpeleka ushago bila swali. Alikuwa amesema mwenyewe anataka kulala karibu na mama yake, na aliyesema amesema. Lakini mama alipaswa kukaa kule majuma mawili baada ya mazishi, katika kijumba kilichojengwa haraka haraka kwa ajili ya msiba, udongo wa kuta ukiwa bado mbichi. Hakuwa mkaidi. Alifanya kila alichoambiwa. Siku moja alitoka kuomba maji ya kunywa katika boma la jirani, na msichana wa pale, mtoto mwenye adabu kabisa, akamuuliza, "Mama, wewe ni mgeni wa nani?"

Alituhadithia hayo aliporudi Jericho, akiwa amekaa kwenye cherehani, hajavua hata kitambaa cha msiba. Hakulia. Alisema tu kwamba yule mtoto hakukosea, aliuliza alichokiona. Kisha akaweka uzi kwenye sindano akaendelea na kazi. Baada ya hapo hakurudi tena kule, na hakuna aliyemwita.

Figo zake zilipoanza kuchoka, nilimwomba ahamie kwangu, mtaa wa Kware. Alikuja akatazama jengo letu, ghorofa nane, ngazi bila lifti, nguo za wapangaji zimening'inia kutoka juu hadi chini, akasema, "Nyumba hii ni nzuri, ila mimi siwezi kuishi mahali ambapo nikikohoa hakuna anayejua ni kikohozi changu." Akarudi Jericho. Khala ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki siku ambazo mimi nina vipindi.

Wiki ya mwisho, hospitalini, aliniambia nimsogezee kiti. Alisema, "Mnizike hapa hapa mjini. Nataka wanaonijua waweze kufika bila kuomba ruhusa kazini." Nikamwambia atapona. Akaniambia nisimjibu kama mtoto. Nikasema sawa, mama. Hivyo ndivyo nilivyoahidi, kwa maneno mawili, na muuguzi akaja kutoa sahani.

Kwa hiyo Jumanne ile, baada ya simu ya baba mkubwa, nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Huruma kwa mdogo wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi huko, misumari, rangi, mabati, na anaishi orofa ya juu ya duka. Nilimkuta amefunga nusu ya mlango, ameketi juu ya mfuko wa saruji. Tulilia kwanza. Halafu nikamwambia mama alivyosema.

Alitazama chini. Akasema yeye hakuambiwa kitu. Akasema baba mkubwa amekwisha kumpigia mara nne, na kwamba wazee wanakuja Jumamosi kukaa nasi kikao. Alianza kunieleza mambo ambayo niliyajua: kwamba yeye ndiye mtoto wa kiume, kwamba amejenga nyumba kule, ya matofali, imebaki kuezekwa, na kwamba mwanamume asiyemzika mama yake nyumbani huwa hana uso wa kuonyesha.

"Watu watasema tulimtupa mama," akasema.

"Watu gani?"

"Watu."

"Watu wa mama wako Jericho," nikamwambia. "Unawajua kwa sauti, mmoja mmoja."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo ilinifaa, kwa maana ilinibeba hadi Kware bila kuanguka njiani. Na huko Kware, mahali ambapo magazeti na walimu wenzangu husema watu hawajuani, nilikuta jambo ambalo sikulitazamia. Mabomba ya jengo letu yalikuwa makavu tangu Jumapili. Nilipofika orofa ya sita nikakuta mitungi yangu yote imejazwa, imepangwa mlangoni. Mama anayekaa nyumba iliyo mkabala na yangu, ambaye kwa miaka minne tulikuwa tunasalimiana "sasa" na "poa" tu, alikuwa amesikia kwa mlinzi wa geti. Alitoka, akanipokea mfuko wa nguo za mama, akaingia kwangu akaosha vyombo vilivyolala. Alisema kidogo sana. Sikujua hata anatoka kabila gani, na mpaka leo sijamuuliza.

Jumamosi wazee walifika Jericho mchana, kwa gari la kukodi. Walikuwa baba mkubwa, wanaume wawili wa ukoo ambao sikuwa nimewahi kuwaona, na shangazi, dada mdogo wa baba, mwanamke mwembamba aliyekuwa ameshika kikapu cha mayai kwa mikono miwili safari nzima. Tuliwatandikia uani, kwa sababu ndani hapangetosha. Viti vingine vilitoka kanisani na vingine vilitoka madrasa. Tukawapa chai na mandazi, tukaomba, kikao kikaanza.

Baba mkubwa ni mtu mrefu, mnyoofu, na sitaki mtu afikiri alikuwa mbaya. Alisimama akazungumza kwa lugha yao, taratibu, kwa fumbo na methali. Ninaielewa lugha hiyo, ila siwezi kuizungumza bila kuchekwa. Alisema mwanamke akiolewa huwa wa boma, na boma halizikwi nusu. Alisema nafasi kando ya baba ameitunza yeye mwenyewe, amekataa isipandwe hata maharagwe. Halafu sauti yake ikabadilika. Alisema ndugu yake amelala peke yake miaka yote hii, na kila akipita pale asubuhi humwambia avumilie, mkewe anakuja.

Hilo liliniingia. Nilimwona anapita kule asubuhi na jembe begani, anazungumza na baba. Kwa kitambo kidogo nilitaka kumpa anachotaka, ili tu asirudi na maneno yale hayajatimia.

Nilisimama nikajibu kwa Kiswahili. Mmoja wa wale wanaume wawili akanikatiza. Akasema, kwa Kiswahili chake kizito ili wote wasikie, kwamba mtu asiyeweza kusimama mbele ya wazee akasema kwa lugha ya mama yake hawezi kuamua mama azikwe wapi.

Nilimwambia, "Mzee wangu, mama alinibembeleza kwa Kiswahili. Alinichapa kwa Kiswahili. Jumanne alipokuwa anakata roho aliomba Mungu kwa Kiswahili, nami nilikuwa nimemshika mkono. Hii ndiyo lugha ya mama yangu. Ukitaka kunisikiliza, nisikilize ndani yake."

Wakati nikisema hayo niliona akina mama wa safu yetu wanaanza kutoka majumbani. Hakuna aliyewaita. Walikuja mmoja mmoja, muuza samaki, mwalimu mstaafu, wauza mboga wa sokoni na aproni zao, wawili watatu wenye mabuibui. Walitandika leso chini wakaketi. Walijaza uani hadi wazee ikabidi wavute miguu ndani ya viti.

Baba mkubwa akauliza hawa ni nani. Akasema kikao ni cha familia.

Ndipo Khala aliposimama. Miguu yake ni mibovu, na alishika kamba ya nguo kujizuia. Yule mwanamume wa pili akamwambia, bila ufidhuli, kwamba wanamheshimu kama jirani mwema lakini hili si lake, hana damu hapa.

"Kweli, sina damu," Khala akasema. "Nina maziwa."

Akageuka, hakumtazama tena yule mzee wala baba mkubwa. Alimtazama mdogo wangu, aliyekuwa amekaa kati ya wanaume wa ukoo, amevaa koti la baba.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe umekula kifuani mwangu mwaka na miezi mitatu. Kwa hiyo nakuuliza kama mama, na mama yako wa kwanza ananisikia. Alhamisi ya mwisho kabla hajafariki, jioni, nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Ulitoka, ukapita mbele yangu, ukakaa kwenye ngazi. Alikuambia nini?"

Bomba la uani lilikuwa linadondoka, nami nakumbuka nilifikiri baba asingekubali lidondoke vile. Mdogo wangu aliinama, viwiko juu ya magoti. Nilijua wakati uleule kwamba alinidanganya dukani, na nikajua pia kwa nini. Alikuwa na nyumba ya matofali isiyo na paa, na miaka kumi ya kupeleka mabati na saruji ili siku moja wale wanaume wamwite mwenzao. Sasa walikuwa wamemketisha katikati yao.

"Alisema azikwe Nairobi," akasema.

Baba mkubwa akamwambia arudie. Nadhani alitaka kumpa nafasi ya kulibadilisha. Mdogo wangu akanyanyua uso.

"Alisema azikwe Nairobi. Alinishika shati akaniambia, usiniache nikawe mgeni. Mimi nilimwambia sawa. Na nimewadanganya nyinyi wote wiki nzima."

Kisha akavua lile koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akaja kukaa chini kwenye leso karibu na Khala. Sijui kwa nini alivua koti. Pengine alisikia joto tu.

Baba mkubwa alikaa akitazama mikono yake. Aliposimama hakupiga kelele. Alisema amesikia. Alisema mtoto anayemzika mama yake miongoni mwa watu baki asije kesho kuuliza mipaka ya shamba, na nyumba ile isiyo na paa itapata mtu wa kuiezeka. Alisema yeye hatahudhuria. Wale wanaume wawili wakamfuata hadi garini. Shangazi alibaki amekaa, kikapu mapajani. Baba mkubwa alimwita mara moja. Shangazi akajibu kwa lugha yao kwamba mayai haya aliyaleta kwa wafiwa na wafiwa wako hapa. Gari likaondoka bila yeye.

Tulimzika mama Jumatano katika makaburi ya jiji. Ni mahali pasipopendeza, sitaficha. Makaburi yamebanana kama nyumba za Kware, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu ukatushika viatuni. Kaburi la mama lilikuwa kati ya mtoto mchanga na mwanamume ambaye msalaba wake ulikuwa umefutika maandishi. Vijana wa makaburini walitaka kufukia haraka, wana kazi nyingine. Wanaume wa Jericho wakawapokonya makoleo kwa upole wakafukia wenyewe, kwa zamu, na mdogo wangu hakukubali kupumzika hata zamu moja.

Kwaya ilikuja na majoho aliyoyashona. Mengine yalikuwa yameachia mishono kwapani, na mwanamke mmoja akaninong'oneza kwamba sasa ndiyo basi, hakuna wa kuyarekebisha, tukacheka mpaka tukaziba midomo. Mchungaji aliomba. Khala na wenzake walisimama kando, viganja vimefunguka, wakaomba kimoyomoyo kwa namna yao. Jirani yangu wa Kware alikuja pia, amebeba maji ya kunywa. Niliwatazama watu wote waliokuwa pale. Wengi walikuwa wametoka kazini kwa saa mbili tu, wengine bado na nguo za kazi, na kila mmoja wao angeweza kusimama akaeleza mama alimfanyia nini na siku gani. Sikuwaza habari za mila wala usasa. Niliwaza kwamba hapa hakuna mtu atakayemuuliza ni mgeni wa nani.

Siku chache baadaye mwalimu mwenzangu aliniambia, kwa nia njema, kwamba makaburi ya jiji hujaa, na kuna siku yatachimbwa upya juu ya yaliyopo. Nikamwambia najua. Hata Jericho yenyewe wanakuja watu na vyombo vya kupimia, wanasema nyumba zetu ni kuukuu, zitavunjwa zijengwe ghorofa. Pengine zitavunjwa. Lakini mimi nimechoka kuambiwa kwamba maisha yetu si kitu kwa sababu hayana ekari. Watu waliotulea hawakuwa wanapita njia. Walipanga foleni bomba moja na sisi, wakatuchapa tulipokosea, wakatupikia uji tulipougua. Walitoka kila pembe ya nchi hii, wakakosa lugha ya pamoja, wakaitengeneza, na sisi watoto wao tukaivuruga tukatengeneza nyingine juu yake, Sheng. Darasani huwa nawasahihisha wanafunzi Sheng yao kwa kalamu nyekundu, kwa sababu mtihani hautawahurumia. Siwaambii kamwe kwamba ni lugha ya watu wasio na kwao.

Mdogo wangu alilipia uamuzi wake kuliko mimi. Nyumba ile ya matofali iliezekwa kweli, na anaishi humo binamu yetu. Kwa muda mrefu hakuja kwangu, na nikimpigia alikuwa na wateja. Sikumlaumu. Mimi sikupoteza kitu kule, sikuwa nimepewa kitu. Lakini kila Idd nilipokwenda kwa Khala nilimkuta ameshafika mbele yangu, amekunja mikono ya shati, anapakua pilau pamoja na yule binti, dada yake. Mwaka wa pili ndipo alipoanza kunitania tena.

Aliyekuja kwangu ni shangazi. Alipata uvimbe shingoni, na hospitali ya karibu na kwao ikamwandikia barua ya kuja Nairobi. Alipanda ngazi hadi kwangu orofa ya sita akipumzika kila orofa, na akifika kila orofa alisalimia watu kwa mkono, mlango kwa mlango, hadi watoto wa jengo zima wakajua kuna shangazi. Alikaa kwangu miezi miwili. Alipasuliwa, akapona.

Siku moja, jioni, baba mkubwa akapiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kikao. Alinisalimia kwa Kiswahili, akauliza hali ya dada yake, nikamweleza yote. Akashukuru. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya orodha, kwamba matibabu yakiisha nimrudishe nyumbani, nisije nikamfundisha mambo ya mjini.

"Tutamuuliza mwenyewe, baba," nikamwambia.

Alikata simu. Shangazi alikuwa sakafuni, miguu imenyooshwa, anachambua mchele. Nikamuuliza. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anapenda kupumua. Akasema anataka kurudi kwao, tena upesi. Kuku wake wameachiwa watu asiowaamini, na Nairobi hii yenu, akasema, mtu hawezi hata kutema mate bila kumpata jirani.

Nikacheka, nikamkatia tiketi, na Jumapili nikampeleka mwenyewe. Tulifika alasiri. Baba mkubwa alisimama langoni mwake, ng'ambo ya njia, akanyanyua mkono kidogo, hakuvuka. Nami nilinyanyua wangu. Shangazi aliwatoa kuku wote nje, akawaita mmoja mmoja kwa majina, akakuta mmoja hayupo, akaanza kuuliza wajukuu kwa ukali. Nikanywa chai yangu nimesimama, kwa sababu Jumatatu nilikuwa na kipindi cha kwanza, na basi la usiku la kurudi halingenisubiri.